Gauni la Fundi Ketrina

Wasikilizaji wapendwa, tumshukuru Mungu aliyetuamsha. Leo tunamkumbuka Ketrina, fundi cherehani wa hapa Tunduma, aliyezikwa juzi kijijini kwao, Ruanda. Ketrina amefariki kwa saratani ya matiti. Amefariki akiwa bado anapigana nayo.

Ugonjwa ulipomnyang'anya titi moja, hakujifungia ndani. Aliwakusanya mafundi wenzake, wakashona magauni ya vitenge, wakaandaa maonesho ya mavazi. Mchango wote ulikuwa wa watafiti wa saratani ya matiti. Wapo waliomwambia ajitibu kwanza. Akawajibu kwamba dawa inayotafutwa leo huenda isimkute yeye, ila itamkuta mkamwana wake, Gwantwa, mke wa mwanawe Samwel.

Siku ilipofika, mafundi waliwapa wazee viti vya mbele, kwa heshima. Hapo ndipo walipokosea. Wavaaji wa magauni walikuwa wakamwana wa wazee haohao, na katika koo zao mkamwana hajipitishi mbele ya baba mkwe. Gwantwa, aliyepangwa kutangulia, akagoma nyuma ya pazia. Wenzake wakagoma naye. Watu wakaanza kuondoka.

Ketrina akamfuata mumewe, Mzee Rubeni.

"Baba Samwel, mkamwana wako amekwama kwa ajili yako."

"Sasa nirudi nyumbani na suti hii?"

"Usirudi. Geuza kiti."

Mzee akageuza. Wazee wote wakageuza, wakabaki wanatazama ukuta. Ukumbi ukacheka, kisha ukatulia, maana Gwantwa alikuwa anapita. Wazee hawakuona hata gauni moja, lakini kapu la michango lilipowafikia, walitoa.

Mwisho akatoka Ketrina mwenyewe. Gauni lake alilikata kwa kufuata mwili ulivyo, upande mmoja bapa, bila kujaza pamba. Mzee Rubeni aliposikia jina la mkewe, aligeuza tena kiti, peke yake.

"Huyu naruhusiwa," akasema.

Jana Gwantwa alituambia hivi: "Mama alikuwa anashona huku anasali. Maonesho ya mwaka huu yapo. Nitatangulia mimi."

Mzee Rubeni, Samwel na Gwantwa, poleni sana. Bwana awatie nguvu. Nawe mama unayetusikia, uliyegusa kivimbe ukanyamaza kwa haya, mwombe Mungu. Mwombe ukiwa njiani kwenda hospitali.