Nafasi ya Sindano

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la vipuri, na linatosha watu wanne. Hukaa watatu. Pembeni ni pa Sindano, fundi cherehani wetu, aliyepigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kulia ukapooza. Mgeni akithubutu kupakalia, anafukuzwa kama kibaka. Mimi muuza kahawa nilikuwa naona fahari jinsi tunavyomheshimu mwenzetu. Jana asubuhi ndipo kukawaka moto.

— Mmesikia? Redio, yule kinyozi, alianza. Sindano hapewi kiti cha magurudumu mpaka aende ofisi ya ustawi wa jamii mwenyewe, wahakikishe hawezi kutembea!

— Aende kwa miguu ipi? Spana, fundi magari, akagonga benchi.

— Na hospitali je? akadakia Mwalimu mstaafu. Wiki mbili tu, wakaandika “ameruhusiwa.” Ameruhusiwa kufanya nini? Kulala na vidonda mgongoni?

— Imepangwa hiyo, Redio akanong'ona. Kwa nini ofisi yao iko ghorofa ya tatu? Ukipanda, umepona, hupati kitu. Usipopanda, hukufika, hupati kitu.

— Na ngazi wanaziongeza! Mwaka jana hazikuwa nyingi vile.

— Wanaziongeza usiku, Spana, nakwambia!

— Watu hawana haya! Twendeni tukawatoe mmoja mmoja!

— Twendeni leo hii!

— Mimina kwanza kahawa, Mwalimu akaniambia.

Nikiwa namimina, akaja dada mmoja, vidole vimechanika kwa sabuni, akakaa pale pembeni.

— Wee dada! Hapo pana mwenyewe!

— Shikamooni. Najua, ni baba yangu.

Marahaba ilitutoka kidogo kidogo.

— Baba anawasikia kila asubuhi, akasema. Dirisha letu ni lile pale, juu ya duka la vipuri. Anafurahi sana mnavyomtetea.

— Ni ndugu yetu yule! Spana akasema.

— Ofisi wanamtaka Alhamisi. Na mazoezi ya hospitali hajaenda mwaka mzima. Mimi namgeuza, namwogesha, namlisha, lakini kumshusha peke yangu siwezi. Ni ngazi thelathini na mbili. Nataka watu wawili tu wa kumbeba.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nani na nani, baba zangu?

Redio, asiyenyamaza hata akinyoa, aliangalia kikombe chake. Spana akashika kiuno. Mwalimu akasafisha miwani. Nami, Mungu anisamehe, niliinama nikawa nachochea mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.