Mama Lynn na Ukungu Ndani ya Skana

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, Bi. Priscillah Muriuki anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai hapa Boito kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo ni la kwenye hati tu. Sisi tunamwita Mama Lynn.

Alitoka Chepseon, kwa wazazi wafanyabiashara, akaja kupiga taipu. Taipureta zilipopitwa na wakati akapelekwa kozi, akarudi ofisa wa kompyuta. Akingoja mashine iwake huimba wimbo wa kanisani polepole, macho dirishani, ambako asubuhi zetu majani ya chai huelea katika weupe wa ukungu na huwezi kusema kilima kinaishia wapi. Ukimsemesha wakati huo, haki ya nani, utajibiwa baada ya ubeti kwisha.

Wageni wetu wajue desturi ya hapa. Kila anayestaafu hupewa kijitabu chenye picha aliyopigwa langoni siku yake ya kwanza, pamoja na wenzake walioajiriwa siku hiyo. Vijitabu hivyo ni kazi ya Mama Lynn.

Mwaka juzi ilifika zamu ya Mzee Johana Kipsang wa boila. Kwenye picha yake alisimama kando ya msichana aliyeajiriwa naye siku ile, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Mama huyo alikuwa ameshatuacha. Hiyo ndiyo picha pekee ya mkewe aliyobaki nayo mzee, na ilikuwa imeanza kubanduka.

Basi wiki hiyohiyo kompyuta zetu zilikuwa zimehamishiwa mfumo mpya wa Linux. Printa mpya, ile ya kuchapisha na kuskani, ilichapisha vizuri, lakini kuskani ikagoma kabisa. Kompyuta ikasema haioni skana yoyote, na kitu kimekaa hapo mezani! Zack wa stoo akashauri turudie mfumo wa zamani. Mimi nikasema ile picha tuipige kwa simu tu, nikaangaliwa kwa jicho ambalo sijalisahau. Mama Lynn akatueleza kwamba hizo ni mashine mbili zinazoishi sanduku moja, na kila moja inataka programu yake. Akaitafuta ya skana, akaiweka, akaimba. Taa ikapita chini ya kioo.

Picha ikatoka nyeupe, ukungu mtupu. Tukailaumu Linux, na Zack akailaumu kwa Kikipsigis pia. Kumbe sisi wenyewe ndio tulioiweka printa dirishani, karibu na vitanda vya kunyaushia majani, penye unyevu kutwa nzima, na kioo kilikuwa kimetoka jasho kwa ndani. Mama Lynn akaizima, akaikumbatia kama mtoto na kuipeleka karibu na chumba cha kukaushia chai. Ilipokauka vizuri, akaskani tena. Yule msichana akatokea, mwanya na kila kitu. Mzee Johana aliipokea karatasi ingali na joto, akaishika kifuani, akasema kongoi, kongoi, yaani asante, na sisi tukalia bila aibu.

Kijitabu hiki tumekitengeneza yeye bila kujua. Kwa kuogopa asitukute, tuliilaza picha yake ya siku ya kwanza kwenye kioo bila hata kuitazama. Ikatoka nyeupe. Tukajua la kufanya: tukaibeba printa hadi kwenye joto, tukangoja, na wimbo tukaimba. Ukungu uleule. Ndipo tulipoichukua picha yenyewe tukaitazama. Ukungu ulikuwa wa siku ile, umeshuka mpaka langoni, na ndani yake kinaonekana kitambaa chekundu tu na mkono mmoja ulioinuliwa. Tumeiacha hivyohivyo kwenye jalada.

Asante, Mama Lynn. Tutakukosa sana. Nenda Chepseon ukapumzike, Mungu akupe afya na miaka mirefu. Na Ijumaa ukifika langoni, hata kama ukungu umeshuka, geuka utupungie tena. Tutakuwa tumesimama hapo.

Quinter Akeyo, Ofisi ya Uhasibu, kwa niaba ya wafanyakazi wote