Wenseslaus Emilian Kilawe: Mkulima, Mfanyabiashara na Mbunge (1946–2008)

Ndugu, majirani na marafiki mliopanda na tope hili la masika, mnayemsindikiza leo alizaliwa hapahapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, Jumamosi, tarehe 28 Septemba 1946. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Emilian Kilawe na marehemu Mama Lukresia. Padre aliyembatiza alifungua kalenda ya watakatifu, akakuta siku ile ni ya Mtakatifu Wenseslaus, na jina likawa limepatikana. Bibi yake lilimshinda kulitamka. Akamwita Wense, na nyumbani likabaki hilo.

Mwaka 1954 alianza darasa la kwanza katika shule ya kijiji, iliyojengwa kwa michango ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Baba yake ndiye aliyekuwa mpimaji wa chama hicho. Alishika mizani kwa miaka thelathini na mmoja, wala hakuna mkulima aliyewahi kuomba apimiwe mara ya pili. Wenseslaus alimaliza darasa la nane mwaka 1961.

Mwaka 1964 aliteremka Arusha Chini, akawa dereva wa trekta katika mashamba ya miwa. Huko aliishi na watu wa mikoa mingi na kujifunza ufundi wa injini. Aliporudi mwaka 1971, baba yake alimkatia kipande cha kihamba. Alipanda kahawa na migomba, akafuga ng'ombe wawili zizini.

Mwaka huohuo, sokoni Himo, alimwona binti aitwaye Epifania akiuza ndizi. Alinunua mkungu mmoja. Jumamosi iliyofuata akanunua mwingine, hivyo hivyo hadi ya nne, ndipo binti akamuuliza, "Kaka, kwani kwenu hakuna migomba?" Wenseslaus akajibu kwamba migomba ipo tele, anayekosekana ni mtu wa kuitunza. Walifunga ndoa tarehe 8 Januari 1972 katika parokia ya Kirua, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Biashara huria iliporuhusiwa, mwaka 1986, alifungua mashine ya kusaga Himo na kununua lori kuukuu la Isuzu. Lilipeleka ndizi na nyanya Dar es Salaam, likarudi na mabati na sabuni. Mashine ilikuwa mikononi mwa Epifania, na wateja wengi waliamini kuwa mwenye mali ni yeye. Marehemu hakuwahi kuwasahihisha.

Mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, naye alichukua leseni, akafungua stoo kando ya barabara. Hapo ndipo palipozuka jambo lililomsumbua kuliko yote. Mzee Emilian, aliyekuwa amekwisha kustaafu, hakukubali kumuuzia hata kilo moja. Alipita na gunia lake mbele ya stoo ya mwanae, akielekea chamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo? Kahawa yangu huipati."

Wenseslaus aliweza kucheka mbele za watu, lakini mkewe alijua kwamba siku kama hizo chakula kilikuwa hakimpiti.

Mwaka 1995 wazee walimwomba agombee ubunge wa jimbo letu. Katika mkutano wa uwanja wa shule, jirani yetu Eliufoo alisimama na kuuliza, "Baba yako mzazi anapita mlangoni kwako na kahawa yake. Ikiwa yeye hakuamini kwa gunia moja, sisi tukuamini vipi kwa jimbo zima?"

Watu wakaangua kicheko. Marehemu alishika kipaza sauti, akanyoosha mkono kumwelekea baba yake aliyeketi kati ya watu. Akasema, "Mwenyewe yule pale. Muulizeni." Alikiri baadaye kwamba hakujua kabisa baba yake angejibu nini.

Mzee Emilian aliinuka na fimbo yake. "Kahawa yangu naipeleka chamani kwa sababu chama ndicho kilichomsomesha huyu. Nitaipeleka huko hadi nife. Lakini wewe Eliufoo, mwanao wa mwisho alizaliwa wapi?"

"Ndani ya lori, mzee. Kabla hatujafika hospitali ya Mawenzi."

"Lori la nani?"

"La huyu."

"Alikutoza nauli?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa chini."

Marehemu alichaguliwa mwezi Oktoba mwaka huo, akatumikia miaka mitano. Alifuatilia barabara yetu ikachongwa na zahanati ikaezekwa. Huko Bungeni alipendekeza wanunuzi binafsi wa kahawa nao wachangie shule kama vyama vilivyofanya. Wenzake wa biashara walimwambia anajichongea mwenyewe. Hoja haikupita. Yeye alichangia hivyo hivyo, na madarasa mawili ya shule yetu yanashuhudia.

Mwaka 1999 Mzee Emilian aliishiwa nguvu za miguu. Alimwita mwanae na kumwomba ampelekee kahawa yake chamani. Mbunge akapakia gunia lile kwenye lori, akaipita stoo yake mwenyewe mchana kweupe, akaliteremsha mizanini. Wanunuzi wenzake walimzomea barabarani. Aliwajibu, "Nimetumwa na baba." Alisema siku ile alijisikia mwepesi kuliko siku ya kuapishwa. Mzee alifariki mwezi uliofuata, wakiwa wamepatana.

Mwaka 2000 kura hazikutosha. Alimpongeza aliyemshinda, akarudi shambani, na asubuhi ya pili alikutwa akipogoa kahawa.

Alianza kuugua kisukari mwaka 2003. Februari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa Hospitali ya Mawenzi, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jumatano, tarehe 14 Mei 2008, saa nne asubuhi, Epifania alikuwa akimlisha mtori wa ndizi. Alipoona amekataa kijiko, aliuliza, "Unaumwa wapi, baba Fabian?"

"Siumwi," alisema. "Nasikiliza mvua."

Kabla mvua haijakatika alikuwa ameitwa na Muumba wake.

Ameacha mjane, Epifania, watoto wanne, Fabian, Bernadetha, Amon na Hilda, wajukuu tisa, na dada yake, Mektrida. Ameacha pia mashamba yaliyopaliliwa, pamoja na watu aliopatana nao wote.

Mungu aliyetukopesha mja wake huyu kwa miaka sitini na mmoja ampokee, ampumzishe kwa amani. Amina.