Fundo Kila Shibiri

Alasiri ile, kwenye benchi la kahawa pembeni mwa soko la Kariakoo, Fikirini fundi cherehani ndiye peke yake aliyekuwa hajagusa kikombe. Wiki nzima alikuwa akichukuliwa kwenda uwanja wa ndege kushona mabawa, maana ndege za siku hizo zilikuwa za mbao na nguo. Asubuhi rubani alipitisha vidole juu ya mshono wake, akauliza maswali mawili, akakataa kuirusha ndege. Kufika adhuhuri kampuni ya ndege ilikuwa imeshamfukuza rubani huyo, ikidai ni mlevi. Kesho angeirusha rubani mwingine. Fikirini naye akaonywa: akifungua mdomo, atakwenda kushona magunia jela.

— Mlevi tu yule rubani, alisema Azzan mwenye duka, ambaye kijiwe kilimwita Mizani.

— Mlevi hakagui mshono, Fikirini akajibu. Yeye ndiye aliyenifundisha: fundo kila vidole vitatu, uzi ukikatika hapa, pale unashika. Meneja akaja na saa mkononi. Fundo kila shibiri, akasema, ndege iishe leo.

— Nawe ukashona.

— Nikashona.

Eliakimu, karani wa bohari, aliyeitwa Gazeti, akasogea karibu.

— Wanataka ianguke. Waletewe mpya kutoka Ulaya.

— Gazeti, juzi ulisema nyaya za simu zinazuia mvua, akadakia Mizani.

— Kwani imenyesha?

— Mimi naona hivi, akaendelea Mizani. Upepo mzito uko huku chini, ndiyo maana unabeba vumbi. Ule wa juu mwepesi, hauchani nguo.

— Basi kesho panda wewe, Gazeti akamwambia.

— Mimi nina duka.

— Tena shibiri yenyewe ya nani? Gazeti akauliza. Meneja mrefu yule. Angepima kwa mkono wa Fikirini, wangepona.

Wakacheka. Fikirini hakucheka. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi: kwa hawa, kwa mkono wake mwenyewe, au kwa meneja, ambaye alipokuwa akiamuru alishika simu ya maandishi ya wakubwa wake, akiirudia kuisoma.

Hapo akatokea Candida wa mtaa wa pili, mke wa Leodegar, yule dresa anayefunga vidonda hospitalini. Alikuwa na koti begani na uso wa mtu mwenye habari njema.

— Hamjambo wazee. Fundi, nimekufuata dukani sikukuona. Mume wangu kesho anapanda ndege, anamsindikiza mgonjwa wa Kizungu mpaka Tabora. Eti huko juu kuna baridi? Koti hili litamtosha, au uniwekee bitana?

Gazeti akainamia kikombe chake. Mizani akageukia dukani kwake, kama aliyeitwa.

Candida akawatazama mmoja mmoja.

— Nimeuliza vibaya?

Fikirini akalipokea koti, akalikunja, akalikalia.

— Keti, mama, alisema. Kisha akapaza sauti, hata wachuuzi wa ng'ambo ya barabara wakageuka: Hapandi mtu ndege ile. Bawa lake nimelishona mimi, na nimelishona vibaya.