Mama Pini: Nitakaa Nikimaliza

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Mama Pini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama alisimulia kwamba hata kutambaa hakuwa na subira nako. Ukimwambia, "Kaa basi," jibu lake tangu utotoni lilikuwa moja: "Nitakaa nikimaliza."

Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya stesheni, 1970 hadi 1976. Baba alipougua hakuendelea. Alijifunza cherehani kwa shangazi, kisha akanifundisha mimi, mdogo wake, ninayesoma maneno haya.

Tarehe 2 Februari 1989 aliajiriwa na chuo kikuu kushona mavazi ya shule ya maigizo, katika chumba kilicho chini ya ngazi. Wanafunzi walikuja kupimwa wakaishia kukemewa: "Simama wima, mwanangu, wewe ni tajiri, siyo gunia!"

Hapo alikutana na shemeji, fundi wa taa za jukwaani. Shemeji alimposa wakati marehemu ana pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa tu, na mwenzake akakaa wiki nzima hajui kama amekubaliwa. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991, wakajaliwa mabinti wawili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Julai mwaka huu alilazwa, huku shule ikiandaa komedi ya zamani ya Waingereza. Ndani yake bwana mmoja anajifanya watu wawili. Anatokea mlango huu kama tajiri, mlango ule kama mtumishi, na kubadili koti ana sekunde arobaini tu. Koti hilo nililimalizia mimi. Nilishona vifungo sita, nikavikaza kweli kweli. Nilipompelekea wodini alione, alikurupuka.

"Wewe! Nani atafungua hivi kwa sekunde arobaini?"

"Nilitaka viwe imara, dada."

"Imara! Hili ni koti la jukwaani, siyo la harusi. Lete wembe."

Nesi alimwambia alale. Akamjibu mnavyojua. Alifumua vyote, akaweka vya kubonyeza kwa ndani, vile vyangu akavirudisha juu viwe pambo. Ilimchukua siku tatu, mikono ikitetemeka.

Onyesho lilikuwa Ijumaa, 9 Agosti 2024, saa tisa alasiri. Nilisimama nyuma ya jukwaa na simu. Wodini, shemeji alimshikia dada nyingine sikioni. Nilipomwambia mwanafunzi ameingia kubadili, akaanza kuhesabu. Koti lilifunguka kwa mvuto mmoja. Kijana akatoka, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Thelathini na moja," alisema. "Mwambie asizubae na mkono wa kushoto."

Shemeji anasema kisha aliweka mikono juu ya shuka, ikatulia. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake watatu. Koti limetundikwa chini ya ngazi.

Dada, umemaliza. Kaa sasa, upumzike kwa amani.