Swali Aliloulizwa Mkunga Ghati

Risala ya wauguzi wakunga wa Kituo cha Afya Igwalambasa kwa mgeni rasmi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakunga Duniani. Msomaji: Mwanne Swaleh, muuguzi mkunga.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Eliya Nkwabi, Diwani wa Kata ya Igwalambasa na Mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Jamii ya Halmashauri yetu, Mganga Mfawidhi, viongozi wa dini, wenyeviti wa vijiji, wawakilishi wa wachimbaji wadogo, kina mama mliokuja na watoto, na kina baba mliokubali kuacha kazi asubuhi ya leo: tunawasalimu. Wakubwa zetu, shikamooni.

UKARIBISHO

Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu nyumbani. Tunasema nyumbani kwa sababu kata ni yako na kituo hiki ulikipigania tangu kilipokuwa zahanati ya vyumba vichache. Tulipokuandikia barua ya mwaliko, baadhi yetu walidhani hutakuja. Umekuja, tena umefika kabla ya vyombo vya muziki kufungwa. Tunakushukuru kwa dhati.

Tunaomba radhi mapema kwamba risala hii ina sheria nyingi kuliko risala ulizozizoea. Kaulimbiu ya mwaka huu tuliichagua wenyewe hapa kituoni, nayo inahusu misingi ya sheria na maadili ya kazi ya ukunga. Ngonjera zipo, zitafuata baadaye.

HISTORIA

Kituo chetu kinahudumia wakulima na wafugaji waliokuwepo hapa kabla ya dhahabu, na wageni walioifuata dhahabu. Wapo wanaotoka Samuye, wapo waliohamia kutoka Mwakitolyo na Bugarama pale maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya kule yalipopungua, na wapo wafanyabiashara wa mjini wenye vibanda pale sokoni. Mama mmoja anaingia akisema Kisukuma, wa kitanda cha pili Kikurya, wa tatu anamwita Mungu kwa Kiarabu. Uchungu wa uzazi tunausikia kwa lugha zote, na tumeshauzoea.

Kazi yetu inasimamiwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga. Mkunga hawi mkunga kwa kuvaa sare. Anasoma, anafaulu, anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, anapewa leseni, na leseni hiyo huihuisha. Akikosea katika taaluma, Baraza lina mamlaka ya kumwita, kumsikiliza na kumwadhibu, hata kumfutia usajili. Hatupo juu ya sheria, na hatujawahi kuomba kuwa juu yake.

Pamoja na sheria yapo maadili. Mkunga hamwachi mama aliye katika uchungu. Hafanyi jambo asilolijua, anapeleka rufaa. Hamgusi mtu mzima mwenye akili zake bila ridhaa yake. Na kile anachokiona na kukisikia katika chumba cha kujifungulia hakitoki nje, isipokuwa mwenyewe aruhusu, au sheria au mahakama iagize. Hili la mwisho ndilo tunaloomba kulieleza kwa kirefu kidogo.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio yetu ya kwanza ni mapazia. Tunajua mgeni rasmi hupenda kusikia majengo, lakini sisi tunaanza na mapazia.

Katika maeneo yetu wachimbaji wengi wanaamini kwamba mwanamume ambaye mimba ya mkewe imeharibika asishuke duarani, kwa kuwa dhahabu itakimbia. Sisi hatukuja hapa kubishana na imani ya mtu. Tunachosema ni kwamba imani hiyo ilifika hadi wodini. Wenye maduara walikuwa wanatuma kina mama na sabuni na sukari, wapite kitanda kwa kitanda wakiwapongeza wazazi. Tulifurahi, tukasema jamii inatupenda. Ilichukua muda kugundua kwamba mgeni akifika kwa mama asiye na mtoto anauliza jina la mumewe.

Mwenzetu Ghati Nyamhanga ndiye aliyekomesha jambo hilo, bila kumtukana mtu. Alimwendea Bi Doto, fundi cherehani wa pale sokoni, wakashona mapazia ya kitenge, kila kitanda na pazia lake. Sabuni na sukari zikawa zinapokelewa mlangoni. Mgeni mmoja alilalamika, "Mayu, mama yangu, sasa nitampongezaje mzazi nisiyemwona?" Ghati akamjibu, "Mpongeze kwa sauti, anasikia." Tangu hapo wanawake waliongezeka kuja kujifungulia kituoni, na waliopatwa na matatizo ya mimba walianza kuja mapema, wakati bado tunaweza kuwasaidia. Haya tunayaona kuwa mafanikio makubwa.

CHANGAMOTO

Changamoto za maji, umeme na gari la wagonjwa unazijua, Mheshimiwa, na umezisemea kwenye vikao. Leo tutazipumzisha. Tunayo moja.

Mwanzoni mwa masika ya mwaka huu, duara moja kubwa la hapa kwetu lilikuwa linatema dhahabu vizuri, kisha mwamba ukakata, dhahabu ikapotea. Wachimbaji wakasema kuna mwenzao ameshuka na mkosi wa nyumbani na amenyamaza. Wakaja getini kutaka jina. Ghati ndiye aliyekuwa zamu. Aliwaambia hapa majina hayatolewi, wakaondoka wakiwa na hasira. Ndipo ukaitishwa mkutano wa hadhara pale uwanja wa soko, nawe Mheshimiwa ukaja kutuliza watu, maana walishaanza kutishia kupita nyumba kwa nyumba wakimsaka. Tulikuwepo. Tunakiri kwamba hali ilikuwa mbaya na nia yako ilikuwa njema.

Ukamwita Ghati mbele, ukampa kipaza sauti. Ukasema, "Nesi, taja tu jina, tuyamalize hapa hapa."

Ghati akasema, "Shikamoo Mheshimiwa. Sina jina la kutaja."

"Maana yake hayupo?"

"Sijasema hayupo."

"Basi yupo."

"Sijasema yupo."

Watu wakacheka, na ukaona unachezewa. Ukasema, "Mimi ndiye serikali hapa. Unanijibu hivyo mbele ya wananchi?" Akasema, "Nakuheshimu, Mheshimiwa, lakini hili si langu kulitoa." Hapo ndipo ulipotamka aondolewe wodini kupisha uchunguzi, kwa kosa la kiburi. Uwanja ukapiga makofi. Kesho yake barua ya uongozi ilikuwa tayari, na tangu siku ile yuko stoo anapanga glovu na sindano.

Mheshimiwa, tungependa kueleza kwa nini lile halikuwa kiburi, kwa sababu hata miongoni mwetu wapo waliomlaumu. Walimwambia, "Si ungesema tu hayupo, yakaisha?" Hata huyu anayekusomea risala alisema hivyo. Ghati alitujibu jikoni, akiwa anakoroga uji wa wazazi, "Leo nikisema hayupo, siku nyingine nikinyamaza watajua yupo. Lazima nijibu vilevile kila siku, awepo asiwepo." Tulisoma maadili hayo chuoni na tukayajibia mtihani, lakini siku ile ndipo tulipoyaelewa.

Kwa hiyo hata leo hatutakuambia kama alikuwepo mwanamke wa namna hiyo au hakuwepo. Uchunguzi ukija na kutuuliza, utapata jibu hilohilo, labda uje na amri ya mahakama. Tunalisema hili kwa adabu zote. Duara lenyewe, tumesikia, limeshaanza kutema tena, na hakuna aliyekuja kutueleza sisi tulihusikaje.

Madhara yake ndiyo yaliyotufanya tuandike risala ya namna hii. Bi Yasmini, mfanyabiashara wa vitenge, ametupa ruhusa ya kumtaja. Tulimuuliza mara ya kwanza, na jana tukamuuliza tena mbele ya mumewe kwa kuwa mwenyewe alitaka awepo. Alitujibu, "Tajeni. Ila semeni ni mimi niliyewaruhusu."

Bi Yasmini alihudhuria kliniki kwetu mimba yote. Uchungu ulipoanza akajifungia nyumbani na jirani yake, akajifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Aliletwa kwa pikipiki akiwa hajitambui, kashikiliwa kwa nyuma na shemeji yake. Tulipambana naye, tukampa rufaa, na Mungu akamjalia. Yuko pale kwenye turubai na binti yake. Alipopata nafuu tulimuuliza kwa nini hakuja mapema, wakati kituo anakiona kutoka dukani kwake. Alisema, "Nilisikia nesi aliyekataa kutaja watu ameondolewa. Nikajua waliobaki ni wale waliokubali kutaja."

Mheshimiwa, maneno yale yalituuma sana. Tumekubali kutukanwa kwa kuchelewa, kwa ukali, hata kwa dawa ambazo hazipo, lakini hilo hatukulitegemea. Na si yeye peke yake. Vitanda vipo vitupu, na wakunga tunakaa nje juani tukisubiri wanawake ambao tunajua miezi yao imetimia. Tunawafahamu kwa majina, tunakutana nao kisimani, wanatusalimia vizuri kisha wanatazama pembeni. Wapo tutakaowakosa. Tunaogopa, na tunaona ni afadhali kusema wazi kwamba tunaogopa.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba Ghati arudi wodini. Hapa tulipo yeye ndiye mwenye uzoefu mkubwa wa mtoto aliyekaa vibaya, na glovu zinaweza kupangwa na yeyote.

Pili, tunaomba arudishwe kwa kipaza sauti. Aliondolewa mbele ya watu, na akirudi kimyakimya kwa barua, mwanamke aliyeko nyumbani na tumbo lake hataisikia hiyo barua. Anachohitaji ni kukusikia wewe, kwa sauti ileile, ukisema kwamba kituoni majina hayatolewi na kwamba aliyekataa kuyatoa alifanya kazi yake.

Tatu, kama bado ipo tuhuma ya kitaaluma juu ya mkunga yeyote, huyu au sisi, ipelekwe Baraza. Tutaitikia wito na kujibu. Mkutano wa hadhara si mahali pa kuhukumu leseni ya mkunga, na tunadhani hata wewe usingependa udiwani wako uhukumiwe wodini.

Nne, chumba cha kujifungulia kina mlango usiofungwa. Tumeuegemezea ndoo kwa muda mrefu. Tunaomba kitasa.

HITIMISHO

Ghati yupo hapa leo, Mheshimiwa. Ameomba asisimamishwe wala asitambulishwe, na tumemheshimu. Risala hii aliisoma jana akafuta mistari mingi iliyokuwa inamsifia. Kuna mmoja tuliuficha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwanadamu yeyote aliyekaa uwanjani hapa, kuanzia chini ya turubai hadi meza kuu, alifika duniani kupitia mikono ya mtu, na mikono hiyo iliona mengi. Sisi tumepokea wake wa wachimbaji na wake wa viongozi, mabinti wa masheikh na mabinti wa wachungaji. Tunapowaona barabarani tunawauliza habari za mvua na bei ya mchele. Hatuna jingine la kuwauliza.

Cheo kina mwisho wake na siasa ina maadui. Siku moja mtu mkubwa kuliko wewe anaweza kusimama hapa hapa, akamwita mkunga mbele, akampa kipaza sauti na kumtaka aseme anachokijua kuhusu nyumba yako. Mkunga huyo anaweza kuwa Ghati, anaweza kuwa mmoja wetu. Tunataka uondoke hapa leo ukiwa na uhakika wa jambo moja: atajibiwa kama ulivyojibiwa wewe.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako. Awajalie wajawazito wa Igwalambasa wafike kwetu mapema na warudi kwao wakiwa hai.

Ni sisi, wauguzi wakunga wa Kituo cha Afya Igwalambasa, pamoja na yule aliyeko stoo.