Solfrid Mikkola na Makasha Mia Nne ya Vita

Tarehe 30 Juni 2023 Solfrid Mikkola atastaafu, baada ya kuitumikia Makumbusho ya Sandskjær kwa miaka thelathini na saba na miezi minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Eilert Krogh, niliyekuwa mkuu wake kwa miaka kumi na mitatu ya mwanzo, niandike wasifu wake. Waliomba uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ila ndani yake nitaweka jambo moja ambalo halimo katika jalada lake, na ambalo kosa lake ni langu.

Solfrid aliajiriwa Machi 1986 kama mtunza kumbukumbu, akiwa na umri wa miaka thelathini. Siku ya kwanza alikagua ghala na kukuta makasha kumi na moja matupu ya risasi na makombora, yaliyoachwa na Wajerumani, yamepangwa chini ya ngazi. Juu yake tulikuwa tumeweka ndoo za rangi. Aliuliza ni nani anayeyashughulikia. Tulimwambia hakuna, kwa sababu kila nyumba hapa pwani ina kasha kama hilo mlangoni. Akasema basi kuanzia leo ni yeye.

Alituelewesha jambo ambalo tulikuwa tumelizoea mno hata hatulioni. Wajerumani walipoondoka mwaka 1944 waliwahamisha watu kwa nguvu na kuchoma kila nyumba ya pwani hii. Wazazi wetu waliporudi hawakukuta hata kijiko, isipokuwa makasha yaliyotapakaa ufukweni. Basi yakawa viti, viota vya kuku, masanduku ya chambo. Makopo ya bati yaliyobeba viwashio vya makombora yakawa ya kahawa. Vikapu virefu vilivyosukwa kwa ajili ya makombora vikajazwa manyoya laini ya bata wa baharini. Kwa hiyo kadi za Solfrid zilikuwa na safu mbili: Kabla, na Baada. Kwenye Kabla aliandika jeshi lilihifadhi nini, kama inavyosema karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Kwenye Baada aliandika familia ilihifadhi nini. Safu ya pili ndiyo iliyojaa.

Alikuwa na sheria moja: kasha halioshwi. Aliingiza pua ndani na kukuambia kama liliweka viazi, mafuta ya ini la samaki au soksi za sufu, na akakosea mara moja tu, pale mwenye kasha alipokuwa ameweka soksi pamoja na samaki. Mkusanyaji mmoja tajiri kutoka kusini alipolalamika kwamba kasha alilolipenda linanuka, Solfrid alimjibu kwa upole kwamba harufu ni mali ya makumbusho na haiazimishwi.

Wengi wanakumbuka asubuhi ya mwaka 1994, mzee mmoja, Nils, alipoweka mezani kwake kasha la chuma na kumwambia aangalie jinsi lilivyo zito. Solfrid alilifungua kidogo, akalifunga polepole, akatuomba wote tukanywe kahawa nje. Kulikuwa na theluji hadi magotini. Tulinung'unika sana hadi askari wa kutegua mabomu walipofika na kutusogeza hadi ng'ambo ya ghuba. Kwa miaka mingi baadaye, mtu akikaribishwa kahawa na Solfrid aliuliza kwanza ni ya ndani au ya nje.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1988 tulikuwa tunaandaa maonyesho yetu ya kwanza ya makasha. Solfrid alimbembeleza mama mmoja, Hansine Eriksen, kwa miezi saba amwazime kasha lake. Hansine alijifungua pangoni Novemba 1944, alipokuwa amejificha ili asihamishwe kwa nguvu, na bintiye Bergljot alilala ndani ya kasha hilo majira yote ya baridi. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho pangoni, ukiacha mtoto. Solfrid alimpa neno lake kwamba litarudi.

Mwezi Oktoba, siku tatu kabla ya ufunguzi, kasha lilitoweka. Solfrid alilitafuta hadi chini ya sakafu. Halikuonekana. Kwenye kikao cha bodi iliandikwa kwamba limepotea kwa uzembe wa mtunza kumbukumbu. Hakujitetea. Alisema tu, "Lilikuwa mikononi mwangu. Andikeni hivyo." Aliyeongoza kikao na kutia saini ni mimi.

Na aliyelichukua ni mimi. Jioni moja nilihitaji kitu cha kubebea nyama ya kondoo, na hapo ukumbini palikuwa na kasha, lililofanana na makasha yote niliyowahi kuyaona. Nilifika nyumbani, kitako kikaachia, nyama ikamwagika kwenye ngazi. Nililipasua kwa shoka na kulitia ndani ya jiko pamoja na kuni nyingine. Siku mbili baadaye, tukiwa bado tunalitafuta, Solfrid alituelezea komeo la kasha la Hansine, kwamba Hansine alilitengeneza mwenyewe kwa ndoana kubwa ya kuvulia iliyopindwa. Nilirudi nyumbani nikachokoa majivu, nikaiona ndoana, nikaificha.

Nilijiambia nitasema baada ya ufunguzi. Kisha baada ya Krismasi. Hansine alifariki mwaka 1991 bila kumsalimia tena Solfrid, na Bergljot akakirithi kinyongo hicho. Mwaka 1999, nilipostaafu, wote walitaka Solfrid achukue nafasi yangu. Hakuomba. Alisema mtu aliyepoteza kitanda cha mtoto wa mwenzake hawezi kukalia kiti hicho. Nilikuwa nimesimama karibu naye aliposema hivyo, nikamimina kahawa.

Alichofanya badala yake mnakijua. Kila kiangazi, kwa gari lake dogo la mizigo, alizunguka kutoka ghuba hadi ghuba, nyumba hadi nyumba. Leo ana makasha na vyombo mia nne na kumi na viwili, na katika yote hayo hakuna kingine kilichopotea. Wanafunzi wa chuo kikuu wanakuja kusoma kadi zake. Mwaka jana watoto wa shule waliulizwa vita viliacha nini hapa kwetu, na mmoja akajibu viti. Solfrid alicheka wiki nzima.

Mwezi Aprili mwaka huu daktari aliniambia moyo wangu hautafika majira ya baridi. Nilimwomba mpwa wangu anipeleke kwa Solfrid, nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Liliwaka vizuri?"

Nikasema liliwaka.

"Basi lilikuwa kavu. Miaka yote hii nimekuwa nikiliona limelala mahali linaoza." Akafuta macho kwa mkono wa sweta, halafu akanigeukia. "Lakini wewe Eilert, wewe mzee, hata siku tunamzika Hansine? Ulisimama pale na kofia yako mkononi."

Akaniletea kadi ya kasha hilo, ambayo safu yake ya Baada ilikuwa haijafungwa tangu 1988, akanipa kalamu na kuniambia niimalize kwa mkono wangu. Niliandika: lilichomwa na E. Krogh nyumbani kwake, kwa kosa lake. Bodi nayo imekwisha kufuta maneno yake ya zamani na kuandika ukweli.

Kisha akanituma kwa Bergljot, akisema habari hiyo si yake kuipeleka. Bergljot ana miaka sabini na minane. Alinisikiliza nikiwa bado nimesimama mlangoni, akaipokea ile ndoana, akaigeuza geuza kiganjani.

"Miaka thelathini na minne nimekwepana na yule mwanamke dukani," alisema. "Nimekula mkate wa jana ili nisikutane naye kwenye mkate wa leo. Kwa sababu yako."

Alivaa koti lake, akapanda gari letu bila kualikwa, akatuamuru twende kwa Solfrid. Mlango ulifunguliwa. Waliangaliana. Sikusikia walichosema, kwa kuwa vioo vya gari vilikuwa vimefungwa, ila niliona Bergljot akivua viatu vyake kizingitini. Mlango ukafungwa. Tulikaa garini zaidi ya saa moja, mimi na mpwa wangu, tukitazama moshi wa jikoni. Hawakunikaribisha kahawa, si ya ndani wala ya nje, na ilikuwa haki.

Siku ya sherehe, Bergljot Eriksen ameomba akae kando ya mstaafu.

Solfrid, kwa niaba ya makumbusho, na ya kila nyumba uliyobisha hodi, tunakushukuru. Unaondoka na jina safi, kama lilivyokuwa siku zote. Mungu akupe viangazi vingi, afya njema, na mkate wa leo kila siku.